Msiisingizie Milima ya Kigali

Gari la tabo likianza kutoa moshi mweusi hapa Kigali, hukumu hutoka kabla kesi haijasikilizwa. Dereva atakwambia ni milima: hewa ya huku juu ni nyepesi, mafuta yanazidi hewa, moshi utakosaje kutoka? Fundi wa gereji za Gatsata naye atachomeka mashine yake chini ya usukani, atasoma P0172, atainua uso na kusema, "Bosi, injini inakula mafuta mengi. Tubadilishe sensa ya oksijeni." Wiki inayofuata sensa ni mpya na moshi ni uleule. Zamu ya nozeli inafika. Baada ya nozeli, pampu. Mwisho mwenye gari anachoka, anamtafuta mnunuzi asiyeijua historia yake, na moshi unahamia wilaya nyingine ukiwa mzima wa afya.

Hukumu hizo mbili, ya mlima na ya mashine, zinaonekana mbalimbali lakini ni ndugu wa tumbo moja. Zote zinayatazama mafuta. Mimi nasema zote zinakosea, na zinakosea mahali pamoja: kwenye injini ya tabo uchunguzi unaanzia kwenye hewa. Mara nyingi mafuta hayakuongezeka hata tone. Hewa iliyokwisha kuhesabiwa ndiyo iliyotoroka njiani, na mafuta yaliyopimiwa kwa ajili yake yakabaki hayana mwenzi.

Tuanze na mlima, maana ndio unaosingiziwa na wengi. Kusema kweli imani hii haikuzuka hewani. Kigali imekaa kwenye mwinuko wa mita 1,500 na zaidi, na shinikizo la hewa ambalo Mombasa ni kilopaskali 101 hapa hushuka hadi karibu 85. Kabureta haina habari na jambo hilo. Yenyewe huvuta mafuta kwa kadiri ya kasi ya hewa inayopita kooni mwake, haijui uzito wa hewa hiyo, kwa hiyo ukiipandisha kutoka pwani hadi huku itatoa mafuta kama asilimia 8 zaidi ya yanayostahili. Wazee waliofungua kabureta za Peugeot 504 na Corolla za zamani na kuzitia jeti ndogo zaidi walijua wanachokifanya. Walikuwa mafundi haswa. Tatizo ni kwamba kabureta zimeondoka na maneno yake yamebaki, na leo yanasemwa juu ya injini ambazo hazina uhusiano wowote nayo.

Gari la leo lenye sensa ya hewa huipima hewa kwa uzito. Ndani ya sensa kuna waya au kibao chembamba kinachopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inakipoza, na kompyuta husoma ni umeme kiasi gani unaohitajika kukirudishia joto lake. Hewa nyepesi hupoza kidogo, kompyuta inaona, mafuta yanapunguzwa. Magari yasiyo na sensa ya aina hiyo husoma shinikizo la hewa ndani ya manifodi, bomba linaloigawia silinda, pamoja na joto lake, na kompyuta hupiga hesabu ya uzito kutoka hapo. Juu ya yote hayo kuna sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inayosahihisha mara nyingi kwa kila dakika. Kumwambia mwenye gari kama hilo kwamba Kigali imemzidishia mafuta ni kumwambia kwamba kompyuta yake haijui ilipo, na inajua.

Tena tabo yenyewe ilijipatia jina lake mlimani. Mwaka 1918 Sanford Moss, mhandisi wa General Electric ya Marekani, alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak huko Colorado, mita 4,300 juu ya usawa wa bahari. Injini hiyo bondeni ilitoa nguvu ya farasi 350. Kule juu bila tabo ilibaki na 230. Alipoifungia tabo ikatoa 356. Kilele hicho ni karibu mara tatu ya mwinuko wa Kigali. Kifaa kilichothibitishwa kwamba kinashinda uhaba wa hewa milimani, leo kinasemwa kwamba kimeshindwa na mteremko wa Muhima!

Najua nitakavyojibiwa. "Mbona gari lilikuwa zima Dar es Salaam, limevuka Rusumo, limefika Kigali likaanza moshi?" Swali ni zuri, na jibu lake linauangusha huohuo utetezi wa mlima. Kompyuta nyingi za magari ya tabo huweka lengo la shinikizo kamili ndani ya manifodi. Tuseme lengo ni ba 1.8. Dar es Salaam hewa ya nje ni ba 1 hivi, kwa hiyo mpira unaotoka kwenye tabo kwenda interkula, kipoza-hewa chake, unavumilia tofauti ya ba 0.8 kati ya ndani na nje. Kigali hewa ya nje ni 0.85. Tabo itazunguka kwa kasi zaidi kulifikia lengo lilelile, na mpira uleule sasa unavumilia ba 0.95. Mpira uliochoka, wenye ufa uliokuwa umejifunga pwani, hufunuka huku. Mlima haukuongeza mafuta. Ulitafuta mahali palipokwisha kuoza, ukapaona. Kwa hiyo dereva anayesema gari limeharibika kwa sababu ya mwinuko anatakiwa kufungua boneti haraka kuliko mwenzake wa Tanga, na badala yake ndiye anayekunja mikono.

Sasa hesabu yenyewe, maana bila hesabu tutabaki kurushiana maneno. Gari likienda taratibu, petroli huchomwa kwa uwiano wa hewa gramu 14.7 kwa gramu 1 ya mafuta. Ukikanyaga na tabo ikaanza kusukuma, kompyuta huongeza mafuta kwa makusudi, hadi 12 kwa 1 au chini kidogo, ili kupoza chumba cha kuchomea na kuzuia injini kugonga. Chukua gari linalopanda Shyorongi. Sensa ya hewa iko mwanzoni, karibu na filta. Imehesabu gramu 100 kwa sekunde. Kompyuta inatoa mafuta gramu 8.3. Lakini kati ya tabo na throto, vali inayofunguka ukikanyaga pedeli, kuna mpira uliopasuka, na gramu 15 zinatokea hapo kwenda zake. Zinazofika kwenye silinda ni 85. Gawa kwa 8.3: uwiano umeshuka hadi karibu 10.2. Huo ndio moshi mweusi unaouona kwenye kioo cha nyuma ukikaribia kilele. Nozeli ni nzima, pampu ni nzima, sensa ya oksijeni ni nzima. Kila kifaa kimefanya kazi yake kwa uaminifu isipokuwa kipande kimoja cha mpira.

Gari hilohilo likishuka na kusimama gereji, likinguruma bila mzigo, njia ile kati ya tabo na throto haina shinikizo la maana. Ufa umefumba. Mashine inasoma kila kitu sawasawa, fundi anafuta namba, anatangaza gari limepona. Ugonjwa unaoishi Shyorongi hauwezi kukamatwa na kipimo kilichofanyiwa kivulini Gatsata. Na ufa ukiwa mbele ya throto, upande wa manifodi, mambo hugeuka kichekesho: bila mzigo manifodi inavuta, hewa isiyohesabiwa inaingia, mchanganyiko unakuwa mwepesi, ukikanyaga inasukuma, hewa iliyohesabiwa inatoka, mchanganyiko unakuwa mzito. Gari moja, tundu moja, magonjwa mawili yanayopingana. Mtu anayebadilisha spea kwa kufuata namba atanunua za aina zote mbili.

Hapo tumefika kwa mashine. Sina ugomvi na mashine ya kupima. Nina ugomvi na watu wanaosoma mstari wa kwanza wakaifunga. P0172 maana yake ni kwamba kompyuta imekuwa ikipunguza mafuta kwa muda hadi imefika kikomo chake, na bado ekzosi inaonyesha mafuta yamezidi. Basi. Haisemi nani kayazidisha. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyotoa taarifa, na desturi yetu ni kumfunga mtoa taarifa. Sensa ikifa kweli, kwa kawaida huwa na namba zake za makosa, za kupashwa joto au za kuchelewa kujibu. Ziko kwenye mashine hiyohiyo, kurasa chache mbele.

Chombo hicho kina takwimu moja ambayo naona ina thamani kuliko namba zote za makosa: asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta, ya papo hapo na ya muda mrefu. Hata kifaa cha bei nafuu kinachozungumza na simu huionyesha. Gari linatoa moshi mweusi na alama ni ya kutoa, tuseme −20? Kompyuta inajua mafuta yamezidi na inapambana nayo; tafuta hewa inayotoroka, au mafuta yanayoingia kwa mlango wa nyuma. Gari linatoa moshi mweusi na alama ni ya kujumlisha, +20? Hapo kompyuta imedanganywa. Inaamini injini ina njaa, na inazidi kuilisha. Aghalabu ni ekzosi iliyopasuka kabla ya sensa, ikivuta oksijeni ya nje, au plagi isiyochoma inayoachia oksijeni ipite bila kutumika. Ishara moja tu, ya kujumlisha au ya kutoa, inakata uchunguzi nusu kwa nusu. Ni mafundi wangapi wanaoitazama kabla ya kutaja bei ya spea?

Lakini tuwe wakweli, kanuni ya ufa haishiki kwa kila injini kwa nguvu ileile. Subaru za tabo, Forester na Impreza ambazo vijana wa Nairobi wanazipenda kupita kiasi, zina sensa ya hewa mwanzoni kabisa mwa njia, kwa hiyo kila kinachotoroka baada yake ni deni kwa mafuta. Kijana akiitoa vali inayorudisha hewa kwenye njia ya kuingilia na kufunga ile inayoimwaga nje ili gari lipige mluzi kila akiachia pedeli, anamwaga hewa iliyokwisha kuhesabiwa, na kila mluzi unaambatana na wingu dogo jeusi. Anaita sifa. Injini za Volkswagen kama 1.4 TSI zina tabia nyingine: zinasoma shinikizo ndani ya njia yenyewe, hewa ikitoroka kompyuta inaona pungufu na mafuta yanapungua pia, dalili ya ufa inakuwa uvivu mlimani zaidi kuliko moshi. Tangu Volkswagen ilipoanza kuunganisha magari yake Kigali mwaka 2018, tofauti hii si habari ya mbali tena. Swali la kwanza kwa fundi ni hili: gari hili linahesabu hewa wapi? Asiyejua jibu asishike spana.

Kuna pia wanaonyooshea kidole filta ya hewa. Filta chafu, wanasema, inaikaba injini na mafuta yanazidi. Haya tena ni maneno ya enzi ya kabureta. Maabara ya Taifa ya Oak Ridge ya Marekani ililipima jambo hili mwaka 2009 kwa magari yenye nozeli za umeme na filta zilizozibwa: ulaji wa mafuta haukubadilika kwa kiwango cha maana, ila kasi ya kuchanganya ilipungua. Badilisha filta kwa ajili ya nguvu na kwa ajili ya vumbi la barabara zetu. Usiitegemee kuondoa moshi.

Je, mafuta hayana kosa kamwe? Yanalo. Kidhibiti cha shinikizo la mafuta kikitoboka ngozi yake ya ndani, petroli hupitia mpira mwembamba wa mvuto moja kwa moja hadi manifodi. Chomoa mpira huo, ukinusa petroli au ukiona tone, umemaliza kazi kwa dakika moja. Sensa ya joto la maji ikidanganya kwamba injini ni baridi, kompyuta italisha kama ni alfajiri ya Julai hata saa 8 mchana. Vali ya mvuke wa tangi ikikwama wazi, injini hunywa mvuke huo siku nzima. Na oili iliyochanganyika na petroli, hasa kwenye injini za kupulizia mafuta ndani ya silinda, hurudisha mvuke wa petroli kupitia njia ya kupumulia. Chomoa kijiti cha oili, nusa. Vyote hivi vinachunguzwa kwa pua, kwa macho na kwa takwimu zilizopo bure kwenye mashine. Hakuna hata kimoja kinachoanza kwa kununua kitu.

Tena si kila weusi ni kesi. Injini za kisasa za tabo zinazopulizia petroli ndani ya silinda hutengeneza masizi kwa asili yake, na mdomo wa ekzosi ukiwa mweusi, hilo halithibitishi lolote peke yake. Moshi wa buluu ni oili. Huo ni mjadala wa siku nyingine. Dizeli nayo, zile Coaster zinazopanda kutoka Nyabugogo zikifunika watembea kwa miguu, hukimbiziwa pampu na nozeli "zikapimwe", ilhali mpira wa interkula umening'inia kwa klempu moja.

Hoja ninayoiheshimu ni ya fundi mwenyewe. Atasema: mteja anataka jibu sasa hivi, mashine ya moshi ya kutafutia matundu ni ya bei kubwa, na spea ndiyo inayoniletea faida. Mbili za kwanza nitazijibu. Ya tatu inajijibu. Kinachohitajika kinapatikana kwenye duka la vifaa vya mabomba. Kipande cha bomba la plastiki la maji chenye kipenyo cha mdomo wa tabo, na kofia yake. Toboa kofia, pachika vali ya tairi lisilo na tyubu. Ondoa mpira unaoingia kwenye tabo, baada ya sensa ya hewa, weka kofia yako hapo, kaza klempu. Kompresa ya kujazia matairi iko kila gereji. Anza na ba 0.3, panda polepole, usipite shinikizo ambalo tabo ya gari hilo husukuma kila siku. Kisha zima redio ya gereji na usikilize. Ufa mkubwa utaita wenyewe. Mdogo mpakie povu la sabuni: upande wa chini wa mpira, ambako ukungu wa oili umeulainisha miaka na miaka, pale klempu inapobana, pale ubavu wa plastiki wa interkula unapokutana na alumini. Ukiona vumbi limegandamana na oili mahali pamoja tu kwenye mpira uliobaki mkavu, anza na hapo. Sauti ndogo ikitokea kwenye kifuniko cha oili usishtuke, ni hewa inayopita kwenye vali na ringi. Ukiutazama mpira bila shinikizo utaapa ni mzima. Ndiyo maana kuchungulia kwa tochi hakutoshi. Kazi nzima haifiki saa moja, na inastahili kulipiwa kama kazi. Mteja anayekataa kulipia uchunguzi lakini yuko tayari kulipia sensa asiyohitaji, naye ana sehemu yake katika uharibifu huu.

Wengine hujifariji kwamba afadhali mafuta mengi kuliko machache, kwa kuwa mchanganyiko mwepesi hutoboa pistoni. Kwa injini ya mashindano, kwa dakika chache, chini ya macho ya mtaalamu, sawa. Kwa gari la kwenda kazini, petroli iliyozidi huosha oili kwenye kuta za silinda, huikondesha oili iliyobaki, na huipasha katalisti hadi iyeyuke ndani. Kisha katalisti "imeziba", inakatwa na kutupwa, na tunaongeza dhambi juu ya dhambi. Rwanda ina sheria ya kulinda ubora wa hewa tangu Mei 2016, na upimaji wa moshi ulipokazwa mwaka 2025 wengi waligundua kwamba kontrole tekiniki, yaani ukaguzi wa magari, haiulizi uko mwinuko gani.

Kwa hiyo, mwenye gari la tabo mjini Kigali: kabla hujatoa faranga moja ya sensa, omba mambo mawili. Uonyeshwe alama ya marekebisho ya mafuta, ya kujumlisha au ya kutoa, gari likiwa limesimama na likiwa linapanda. Na njia ya hewa ijazwe shinikizo mbele ya macho yako, povu la sabuni likiwepo. Fundi akikataa yote mawili akashikilia kwamba ni milima, mshukuru kwa muda wake, chukua ufunguo wako, nenda gereji ya jirani.